Wenye Hisa Chache Wasifanywe Nyasi za Fahali

Shule zilipofunguliwa baada ya Krismasi ya mwaka 2025, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Nne alinifuata hadi mlangoni mwa chumba cha walimu akiwa na swali ambalo halikuwa la mtihani. "Mwalimu," akaniambia, "baba ameuza ng'ombe wawili. Amesikia redioni kwamba wageni wanataka kununua sehemu kubwa ya Safaricom, naye anasema hisa zikigombewa na wakubwa hazikosi kupanda. Anataka pesa zote azitie huko. Je, afanye hivyo?"

Nilifungua kinywa nimjibu, kisha nikakifunga. Nimefundisha somo la Biashara hapa Athi River kwa miaka mingi, na ninaweza kueleza ubaoni maana ya hisa, mgao wa faida na soko la hisa pasi na kutazama kitabu. Lakini nyuma ya swali hili palikuwa na ng'ombe wawili wa mtu, na karo ya mtoto. Nilimwomba anipe muda nifikiri. Makala haya ndiyo jibu langu kwake, kwa baba yake, na kwa walimu wenzangu ambao, nijuavyo, huulizwa maswali kama hayo kila mara.

Kwanza na tuiweke wazi habari yenyewe. Mnamo Desemba 2025 serikali ilitangaza nia ya kuiuzia kampuni ya Vodacom asilimia 15 ya hisa za Safaricom kwa shilingi 34 kila moja, jumla yake ikiwa takriban shilingi bilioni 204. Serikali, iliyokuwa na asilimia 35, ingebaki na 20, na Vodacom ingefikia asilimia 55. Bei hiyo ilikuwa juu ya ile iliyokuwa ikitumika sokoni siku hizo. Mzee huyo aliposikia "34" alidhani ndiyo bei atakayolipwa kila mwenye hisa. Sivyo. Bei hiyo ilitajwa kwa ajili ya hisa za serikali. Aliyekuwa na hisa mia tano nyumbani aliisikia redioni kama jirani anavyosikia muziki wa arusi asiyoalikwa.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Makampuni makubwa yanapopigania kumiliki kampuni fulani, watu wengi huuliza kama hisa itapanda au itashuka. Swali lililo muhimu zaidi kwa mtu mdogo ni hili: je, bei inayotajwa ni ya nani?

Pengine msomaji atashangaa mambo ya simu na intaneti yazungumzwe na mtu wa Athi River, mji wa vumbi la saruji. Lakini ni saruji hii iliyonifunza. Toka kituo cha reli hadi barabara ya Mombasa na kuendelea hadi Lukenya, watu wa hapa tumeishi kati ya viwanda ambavyo vimenunuliwa, vimeuzwa, vimefilisika na kufufuliwa mbele ya macho yetu. Tumeona mbao za majina zikibadilishwa langoni huku wapakiaji wa magunia wakibaki wale wale. Nami ninaamini kwamba vita vya kuwania makampuni ni vya aina moja, iwe kinachowaniwa ni tanuri la klinka au waya wa intaneti.

Hebu tuanzie ng'ambo, ambako pupa ya hisa za intaneti na za runinga ya nyaya ilianzia. Mwaka 1999 kampuni ya Comcast ya Marekani ilikubaliana kuinunua MediaOne, kampuni ya runinga ya nyaya. AT&T ikaingia kati, ikataja bei kubwa zaidi na kuitwaa. Magazeti yakaishangilia AT&T kama jemadari aliyeteka mji. Haikupita miaka mitatu, AT&T ikiwa imelemewa na madeni, biashara yake yote ya nyaya ikaenda kwa Comcast, mnamo Novemba 2002. Aliyeshinda vita aliishia kumkabidhi mateka yule aliyemshinda.

Mfano mkubwa zaidi ni ule wa Januari 2000, wakati America Online, kampuni changa ya intaneti, ilipotangaza kuitwaa Time Warner, yenye majarida, filamu na runinga ya nyaya. Malipo hayakuwa fedha taslimu bali hisa za America Online, ambazo wakati huo zilithaminiwa kupita kiasi. Miezi miwili baadaye, tarehe 10 Machi 2000, kipimo cha soko la Nasdaq kilifika 5,048. Kufikia Oktoba 2002 kilikuwa kimeporomoka hadi 1,114. Kampuni ile iliyoungana ikatangaza hasara ya karibu dola bilioni 99 kwa mwaka 2002 pekee, na mwishoni mwa 2009 wakaachana. Ni watu wa kawaida wangapi, wakiwemo walimu ambao akiba yao ya uzeeni ilitiwa katika hisa hizo, waliolala matajiri wakaamka hawana kitu? Intaneti haikufa. Iliendelea kukua na leo imeingia hata katika mfuko wa mchungaji wa mbuzi. Waliokosea ni wale waliodhani kwamba kitu kikiwa na manufaa kwa dunia basi hisa yake haina bei iliyo ghali.

Turudi nyumbani. Mwaka 2007 kampuni ya AccessKenya, iliyokuwa ikiuza huduma za intaneti kwa maofisi na nyumba jijini Nairobi, iliuzia umma hisa kwa shilingi 10 kila moja. Ilikuwa ni jambo geni, na watu walizigombea. Bei ikapanda, wenye hisa wakatembea kifua mbele. Kisha nyaya za baharini zikafika Mombasa mwaka 2009, huduma ikawa rahisi kupatikana, washindani wakaongezeka na bei za intaneti zikashuka. Kwa mtumiaji hiyo ilikuwa neema, lakini kwa muuzaji ilikuwa mashaka. Hisa ile ikaanguka hata chini ya bei ya kwanza. Mwaka 2013 kampuni ya Dimension Data ya Afrika Kusini ikatoa ofa ya shilingi 14 kwa kila hisa na kuitwaa kampuni nzima, nayo ikaondolewa katika Soko la Hisa la Nairobi.

Wanafunzi wangu huwa ninawapa hesabu hiyo. Aliyetia shilingi 10,000 mwaka 2007 alitoka na 14,000 mwaka 2013, bila kuhesabu mgao mdogo wa faida. Amepata faida ya asilimia 40, nao hushangilia. Ndipo ninapowaambia waigawe kwa miaka sita. Inakuwa chini ya asilimia 6 kwa mwaka, ukizingatia faida juu ya faida. Kisha ninawakumbusha jinsi bei za unga na mafuta zilivyopaa mwaka 2008 na tena 2011. Darasa hunyamaza. Hata hivyo yule wa AccessKenya alikuwa na bahati moja kubwa, kwamba ofa ya shilingi 14 ilimhusu yeye kama ilivyomhusu mwenye mamilioni.

Kosa langu mwenyewe sitalificha. Mwaka 2008 serikali ilipouzia umma asilimia 25 ya Safaricom, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, nchi nzima ilishikwa na homa. Mimi nilikopa. Nilitia sahihi fomu ya mkopo nikiwa na hakika kwamba nitauza baada ya mwezi mmoja, nilipe deni na kununua kiwanja. Walioomba walikuwa wengi kupita kiasi, kwa hiyo nilipata chini ya nusu ya hisa nilizotaka, na salio liliporudi lilikuwa limekwisha kunitoza riba. Hisa ilianza sokoni kwa bei nzuri, kisha ikaanza kuteremka. Mwaka uliofuata, mkopo ukinikaba koo, niliuza zangu kwa chini ya shilingi 4. Mwaka 2021 nilisoma gazetini kwamba hisa hiyo hiyo imepita shilingi 40. Nililikunja gazeti nikaenda darasani. Kampuni haikunikosea, wala wakala wangu wa hisa hakunikosea. Nilinunua kitu cha miaka kumi kwa pesa za miezi kumi.

Sasa nije kwenye saruji, na hapa naomba msomaji anisikilize vyema.

Mnamo 1974 ilianzishwa kampuni iliyobeba jina la mji wetu, Athi River Mining, ambayo baadaye iliitwa ARM Cement. Ilianza na madini na chokaa, ikaingia katika saruji, na mwaka 1997 ikaandikishwa katika soko la hisa. Ilivuka mpaka ikajenga kiwanda kikubwa Tanga, Tanzania. Mwaka 2014 hisa yake moja iliuzwa kwa zaidi ya shilingi 80. Mwaka 2016 shirika la uwekezaji la serikali ya Uingereza, CDC, lilitia humo dola milioni 140. Nani angeogopa kununua kitu kilichonunuliwa na mwekezaji wa namna hiyo? Lakini madeni yalikuwa yameizidi kimo kampuni. Mnamo Agosti 2018 ikawekwa chini ya wasimamizi na hisa zake zikasimamishwa. Mali zake za Kenya zilinunuliwa mwaka 2019 na National Cement ya kundi la Devki kwa takriban shilingi bilioni 5, na kiwanda cha Tanga kikaenda kwa Huaxin ya Uchina. Fedha hizo zilikuwa za kulipa wadai, maana sheria inamtanguliza anayedai na kumweka mwenye hisa mwisho wa foleni. Huyo wa mwisho alipofika dirishani, sanduku lilikuwa tupu. Viwanda vinafanya kazi hadi leo, ila cheti chake ni karatasi.

Kisha ukaja mwaka 2024, na fahali wawili wakaingia uwanjani. Mwezi Julai kundi la Amsons kutoka Tanzania lilitoa ofa ya shilingi 65 kwa kila hisa ya Bamburi, kampuni ambayo ina kinu cha kusagia saruji hapa hapa Athi River. Mwenye hisa nyingi zaidi, Holcim ya Uswisi, alikuwa amekwisha kukubali kuuza. Mwishoni mwa Agosti ikajitokeza Savannah Clinker na ofa ya shilingi 70, kisha ikaipandisha hadi 76.55.

Katika mtaa wetu yupo mwalimu mstaafu aliyenitangulia kazini, ambaye alinunua hisa za Bamburi zamani kidogo kidogo. Alinijia na barua za ofa mkononi, miwani puani. Nikajitia mjuzi. "Mzee," nikamwambia, "usitie sahihi. Wawili wakigombania ng'ombe, mwenye ng'ombe hunywa chai. Ngoja bei ipande tena." Akanitazama kwa muda, akasema, "Mwalimu, fimbo ya mbali haiui nyoka. Huyu wa 65 mwenye kampuni amekwisha kumkubali. Huyu wa 76 ninamsikia tu." Akaikubali ile ya chini. Niliona amejidhulumu, na nilisema hivyo mbele ya walimu wengine.

Mwanzoni mwa Desemba 2024 Savannah ikajiondoa. Amsons ikapata zaidi ya asilimia 96 ya hisa kwa shilingi 65. Mzee alilipwa, akalipa karo ya mjukuu. Wala hakunicheka. Aliniambia tu kwamba yeye alisoma barua zote mbili, nami nilisoma tarakimu mbili. Nimelikumbuka neno hilo mara nyingi. Alikuwa ameuliza kama mnunuzi anayo fedha na kama mwenye hisa nyingi amekwisha kujifunga kwa mwingine. Mimi, mwalimu wa Biashara, nilikuwa nimeuliza ni ipi kubwa, 65 au 76.

Lakini tukio linaloniumiza roho, na ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu, ni la mwaka 2025, nalo linahusu kiwanda kikongwe cha mji wetu, East African Portland Cement. Kampuni hii ilianza mwaka 1933, na vizazi vya watu wa Machakos vimelishwa na tanuri zake hapa Athi River. Wenye hisa wake wakubwa walikuwa Wizara ya Fedha, Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, yaani NSSF, na kampuni za kundi la Holcim. Kwa miaka mingi imehangaika na hasara, lakini inamiliki maelfu ya ekari za ardhi, na kila anayepita barabara ya Mombasa anajua ardhi hiyo ina thamani gani leo.

Mwaka huo kampuni ya Kalahari Cement, yenye uhusiano na Amsons, ilikubaliana kununua asilimia 29.2 zilizokuwa za kundi la Holcim kwa shilingi 27.30 kila hisa. Ajabu ni kwamba sokoni hisa hiyo hiyo ilikuwa ikiuzwa kwa bei ya juu zaidi ya hapo. Wabunge wakahoji. Baadhi yetu tulicheka kwamba mgeni amepata bei ya shemeji. Lakini jambo lililonishughulisha zaidi ni jingine. Kanuni zetu za utwaaji wa makampuni, zilizowekwa mwaka 2002, zinamtaka anayefikia asilimia 25 au zaidi, na hivyo kuishika kampuni mkononi, atoe ofa kwa wenye hisa wote, isipokuwa Mamlaka ya Masoko ya Mtaji imsamehe. Mnunuzi aliomba msamaha huo.

Ninakiri kwamba msamaha una sababu zake. Mnunuzi huenda hana haja ya kampuni nzima. Ukimlazimisha anunue yote, huenda akaondoka, na kiwanda kilicholemewa kikafungwa. Hapo mfanyakazi wa tanuri atapoteza kazi ili mwenye hisa mia alindwe. Mimi ninaishi na wafanyakazi hao, na watoto wao ndio ninaowafundisha. Hoja hiyo siidharau.

Hata hivyo, kanuni iliyotungwa kwa ajili ya mdogo isiwe mlango ambao mkubwa anaupita kwa barua moja. Aliyenunua hisa chache alijiunga na kampuni akijua nani ndiye mwenye usukani. Usukani ukibadilishwa mkono, ana haki ya kuulizwa kama angependa kuteremka, na kwa nauli ile ile aliyolipwa abiria mwenzake. Kama kuna sababu ya kumsamehe mnunuzi, basi sababu hizo na zitangazwe waziwazi kabla ya uamuzi, kwa lugha anayoielewa mzee wa kijijini, naye apewe siku za kutoa maoni yake. Na mahali ambapo mwenye hisa mkubwa ni serikali au hazina ya wazee, haja hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa fedha zile ni zetu sote, hata sisi ambao hatujawahi kumwona wakala wa hisa. Kila mwalimu aliyepata kukatwa pesa za NSSF ni mwenye hisa bila ya kujua.

Waswahili walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Methali hii tumeikariri hadi tumeiona kama amri ya Mungu. Lakini nyasi hazina sheria, sisi tunazo. Nyasi haziwezi kusoma barua ya ofa, sisi tunaweza kufundishwa kuisoma. Shuleni tunawafundisha watoto ufafanuzi wa hisa na aina zake, wanapata alama, kisha wanatoka nje kuvuna uvumi wa redioni. Ninawaomba walimu wenzangu wa Biashara, na hata wa Hisabati, wachukue barua moja ya kweli ya ofa, ile ya Bamburi kwa mfano, waisome na wanafunzi mstari kwa mstari. Nani ananunua? Fedha zinatoka wapi? Je, bei hii ni ya wote au ya mmoja? Na asiyekubali atabaki wapi, hasa kampuni ikiondolewa sokoni na hisa zake zisiwe na pa kuuziwa? Kipindi kimoja cha namna hiyo kingenifaa mimi mwaka 2008.

Sasa nimjibu mwanafunzi wangu. Mwambie baba kwamba Safaricom ni kampuni kubwa yenye faida, na kumiliki sehemu yake si upuuzi. Lakini asinunue kwa sababu ya shilingi 34, kwa kuwa hakuna aliyemwahidi yeye 34. Aulize kampuni inagawa faida kiasi gani kwa kila hisa, na kama angeridhika na mgao huo hata kama bei isingepanda kwa miaka mitano. Karo yako ya mwaka huu iwekwe kando kwanza, isiguswe. Na pesa za ng'ombe wa pili zisiingie sokoni kabla hajaona jinsi pesa za ng'ombe wa kwanza zinavyomlaza usiku.

Nilimweleza hayo kijana huyo kwa mdomo kabla ya kuyaandika hapa. Siku chache baadaye alirudi akanipa salamu za baba yake. Mzee amenunua hisa za nusu ya ng'ombe mmoja, amelipa karo, na fedha zilizobaki ameziweka hadi mvua inyeshe, anunue ndama. Alinituma niulizwe jambo moja tu: je, mkutano wa wenye hisa hufanywa lini, na mtu kama yeye anaruhusiwa kusema?

Nilimwambia anaruhusiwa. Aende, na aseme.